Mgeni Aliyekuja Kusaidia, na Kitanda cha Mwenye Nyumba



Mwezi huu tunapenda tufikiri pamoja juu ya swali lililotufikia kwa njia ya simu ya mama mmoja wa kanisa letu. Mwanawe alihamishiwa Marekani pamoja na shangazi yake akiwa na miaka 11, na leo ni mwanafunzi wa chuo. Likizo iliyopita alikwenda na wenzake nchini Guatemala kwa wiki 3, wakae katika nyumba za wenyeji na kujitolea kufanya kazi katika kijiji cha milimani. Yeye alipokelewa na bibi mmoja anayeishi na binti yake na wajukuu wanne. Usiku wa pili alipotoka kwenda chooni alikuta yule binti na watoto wamelala juu ya mikeka karibu na mafiga. Kumbe kitanda alicholalia kilikuwa chao. Akamwuliza mama yake: Je, nilikuwa na haki ya kulala pale, mimi niliyekuja kuwasaidia?

Mama alileta swali hilo kwenye maombi ya Jumatano, na siku hiyo maombi yalichelewa kuanza. Wengine walisema angekataa kitanda palepale, alale chini kama alivyolala hapa kwetu miaka yote. Wengine wakasema kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Mzee mmoja alisema kijana anajisumbua bure, mgeni ni mgeni. Sisi hatuoni kwamba ni jambo la kumalizwa kwa neno moja.

Safari za namna hii zina historia ndefu, na watu wa kanisa wamo ndani yake tangu zamani. Mwaka 1958 Mchungaji James H. Robinson, Mmarekani mweusi aliyehudumu Harlem, New York, alianza kupeleka wanafunzi weusi na weupe Afrika Magharibi wafanye kazi pamoja na vijana wa huko. Mpango wake uliitwa Operation Crossroads Africa, na Peace Corps ya Rais Kennedy iliyoanzishwa mwaka 1961 ilipita njia aliyoifungua yeye. Lakini mwaka 1968, huko Cuernavaca nchini Meksiko, padre Ivan Illich alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda vijijini, naye akawaambia usoni kwamba waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Aliwakumbusha kwamba wengi wao hawakuweza hata kuzungumza na watu waliotaka kuwasaidia.

Tunaona padre alisema nusu ya kweli. Nusu nyingine wahenga wetu waliijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile halikuwa adhabu, wala mgeni hakulishika ili awaokoe wenyeji. Alipewa kwa sababu amekwisha kula kwao, amejua majina ya watoto na mpaka wa shamba, na sasa anaanza kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Safari hizi za wanafunzi humpa mgeni jembe siku ya kwanza, kabla hajajua shamba ni la nani. Ndiyo maana jembe linakaa vibaya mkononi mwake.

Hata Bwana Yesu alipowatuma wale sabini (Luka 10) aliwaagiza wasibebe mfuko wala mkoba, wakae katika nyumba moja bila kuhamahama, wale kile watakachoandaliwa, kisha waponye wagonjwa. Tuangalie utaratibu huo. Kula kunatangulia kuponya. Mwenye kuja na dawa lazima kwanza awe mwenye njaa mezani pa yule atakayemponya, na asipopewa chakula hana la kufanya ila kwenda zake. Wakimbizi tunajua jinsi ilivyo vigumu kuwa upande huo wa meza kila siku. Wanafunzi hawa wanaonjeshwa kwa wiki 3, nasi hatuoni kwamba ni vibaya.

Turudi kwenye kitanda, maana bado hatujajibu. Wale waliosema mgeni apokee tu walitukumbusha mjane wa Sarepta, aliyekuwa amebakiwa na konzi ya unga, na Eliya akamwomba amtengenezee yeye mkate kwanza. Mfano ni mzuri ila hautoshi. Eliya alikuwa anamkimbia mfalme, kijito kilikuwa kimekauka, na njaa yake ilikuwa njaa ya kweli. Kijana wetu ana kitanda kingine chuoni, na tiketi ya ndege ya kurudia. Mgeni aliyefukuzwa kwake na mgeni aliyechagua kuja hawana dai moja. Kama haki ya kitanda ingetokana na shida peke yake, basi kijana alale kwenye mkeka na watoto warudishiwe kitanda chao.

Lakini sikieni yaliyotokea. Kazi yao huko ilikuwa kujenga majiko yenye bomba la kutolea moshi, kwa sababu akina mama wa vijiji vile wengi hupika tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi, juu ya moto wa kuni ndani ya nyumba, na moshi huwaumiza macho na vifua. Wanafunzi walikuwa wakichanganya udongo, na fundi wa kijiji akawa anarudia kazi yao jioni. Kijana wetu peke yake hakurudiwa. Fundi akauliza mwanafunzi wa Marekani amejifunza wapi kukanyaga udongo namna ile. Akajibu kwamba alikuwa akifyatua matofali na baba yake kambini, Uganda, kwa maana alikuwa mkimbizi. (Mama yake alicheka sana aliposimulia hapo. Anasema mtoto huyo alikuwa mvivu wa matofali kuliko wote.)

Yule bibi aliposikia habari hiyo aliketi. Katika miaka ya 1980 jeshi la Guatemala lilichoma vijiji vingi vya Wamaya, na makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Meksiko, wengi wao katika jimbo la Chiapas. Wakulima maskini wa huko ndio waliokuwa wa kwanza kuwapokea. Kurudi kwa makundi makubwa kulianza Januari 1993. Bibi alikuwa mmoja wa waliokimbia na kurudi. Kijana alipomwomba abadilishane na watoto, alale yeye chini, bibi alimwambia: Miaka mingi nililala katika nyumba za watu. Sasa nina nyumba, usininyime.

Hapo tunaona jibu. Alikuwa na haki ya kulala pale kwa sababu bibi alikuwa na haki ya kutoa. Mtu aliyeishi kwa kugawiwa akipata siku moja kitu cha kumgawia mwingine, hatendewi wema na mgeni anayekataa.

Hata hivyo hatutaki kupamba jambo. Kundi likija baada ya kundi, mwaka hadi mwaka, na watoto wakawa wa mkekani daima, kile si kitanda cha mgeni tena. Ni biashara, na biashara ilipwe kama biashara. Kijana alimwuliza kiongozi wa safari ni kiasi gani cha ada yake kilifika kwa bibi, akaambiwa hilo si la mwanafunzi. Sisi tunasema ni lake, na asichoke kuuliza. Mgeni akiwa chanzo cha riziki, shida nayo hugeuka kuwa bidhaa. Mwaka 2011 UNICEF ilieleza kwamba nchini Kambodia watoto watatu kati ya wanne waliokaa katika vituo vya yatima walikuwa na mzazi aliye hai, na vituo hivyo vilivutia wageni na michango. Na tusinyoosheane vidole mbali sana. Hapa kwetu pia mtoto amewahi kuvuliwa viatu gari la wageni lilipoonekana.

Wageni wetu huja asubuhi, huimba na watoto, hupiga picha, na saa saba hurudi garini kula mikate waliyokuja nayo. Jioni wameondoka, kwa kuwa kibali hakiwaruhusu kulala. Tumepewa kalamu nyingi. Hakuna aliyewahi kuonja sombe yetu.

Kamati ya akina mama imeomba kwamba wanafunzi watakaokuja mwezi wa saba wagawanywe wawili wawili katika nyumba zetu kwa chakula cha mchana. Wengine wameuliza tutawalisha nini, ikiwa posho yenyewe imepunguzwa. Watakula tulacho siku hiyo, hata ikiwa ni viazi vitupu. Familia zinazotaka kupokea ziandikishe majina kwa katibu wa kanisa kabla ya Jumapili ya pili. Asiye na viti asiache kujiandikisha kwa sababu ya viti.