Samaki mdogo ni wa nani?

Kutoka Mapendo kushuka hadi ziwani si mbali. Pale kwenye mawe meusi ya lava utawakuta vijana na mishipi yao, kila mmoja na ndoano yake na minyoo ndani ya kopo, wanangojea tilapia. Babu yangu naye alivua hivyo. Akipata samaki mdogo kuliko kiganja, alimtoa ndoanoni polepole na kumrudisha majini. Tukimuuliza sababu, alijibu: "Huyu si wangu bado."

Basi, ni wa nani? Hilo ndilo swali.

Siku hizi kuna wanaokokota chandarua cha mbu kando ya ziwa. Chandarua hakichagui. Kinabeba hata watoto wa sambaza, ule samaki aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambaye analisha nyumba nyingi za Goma. Ukimwambia mtu aache, anajibu: "Batoto batakula nini leo? Nikimuachilia huyu, kesho mwingine atamukamata."

Jibu hilo si la kijinga. Njaa haina subira, na haki ya mtoto kula leo ni haki kweli. Lakini ugonjwa uko katika neno lake la pili. Kama kila mmoja anaharibu juu ya kuogopa kwamba mwingine ataharibu, hakuna tena ziwa la wote, kuna mashindano tu. Babu hakuwa na hakika kama jirani naye atarudisha. Yeye alirudisha tu. Kuaminiana huanza na mtu anayekubali kupoteza kidogo mbele ya wengine.

Tena tusimtwike mvuvi mzigo peke yake. Sisi tuliosoma tunapita sokoni, tunaona vile vidogo vya bei rahisi, tunapimiwa vikombe viwili, kisha jioni tunazungumza juu ya kulinda mazingira. Anayenunua naye amevua. Mwenye njaa ana sababu yake. Sisi tuna ipi?

Juzi mwanangu aliniuliza, mshipi mkononi: "Baba, huyu tumurudishe?" Nikatazama ndoo: haikuwa na kitu. Tukamrudisha, na jioni ile tukala ugali kwa sombe.