Mbwa, Mtoto na Fungu la Nyama

Ukipita katika njia za Katuba, za Kenya ao za Kampemba, utaona kwenye mulango wa lupango nyingi kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: « Chien méchant ». Lakini ukifunguliwa, ukiambiwa karibu, mara nyingi utakuta mambo mengine. Mtoto wa miaka 2 ameketi juu ya yule mbwa mkali, anamvuta masikio, anamtia kidole ndani ya pua, na mbwa amefunga macho sawa mzee anayenyolewa ndevu. Watu wa nyumba wanacheka: « Imbwa yetu inapenda batoto sana. »

Sisi tungetaka kuuliza hapa swali moja: upole ule ni mali ya bure? Ao kuna kitu ambacho sisi wakubwa tunadaiwa juu yake?

Tuanze na wazee. Wao hawakufuga mbwa kwa kupamba nyumba. Mbwa alikuwa mwenzake wa mwindaji, na uwindaji ulikuwa kazi ya heshima: hata masimulizi ya ufalme wa Waluba yanampa nafasi kubwa mwindaji Mbidi Kiluwe, baba ya Kalala Ilunga. Katika misitu ya Kongo kuko aina ya mbwa wasiobweka sawa wengine. Wawindaji walikuwa wanawafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi ndani ya majani. Katika miaka ya 1930 mbwa hao walipelekwa Uingereza, na jina wanalojulikana nalo ulimwenguni ni « basenji », neno ambalo kwetu ni tusi kwa mtu wa pori. Lakini huyo anayeitwa mshenzi alikuwa na haki yake. Wazee walitusimulia kwamba nyama ikianguka, mbwa aliyekimbia naye anapata fungu. Haikuwa huruma. Ilikuwa malipo.

Katika mji, mbwa alibadilishiwa kazi, akawa kufuli ya mulango. Mchana anafungwa kamba fupi, usiku anafunguliwa, zaidi siku ambazo umeme umekatika na wezi wanatembea. Chakula chake ni kile kilichobaki. Siku hakuna kilichobaki, analala vile. Hatusemi haya kwa kulaumu watu. Tunajua nyumba ambamo bukari inapikwa mara moja kwa siku, na hakuna mzazi atakayemlisha mbwa mbele ya mtoto wake. Lakini tazama vizuri ni nani ndani ya lupango anayeshika bado sheria ya wawindaji. Ni mtoto. Anakata tonge lake, nusu anakula, nusu anampa mbwa. Hakuna aliyemfundisha. Sisi tunampiga mkono: « Usipoteze chakula! » Kumbe yeye njo anayelipa deni letu sisi wote.

Jambo moja lilitupata nyumbani kwetu, na lilitufundisha kuliko vitabu. Tulikuwa na mbwa ambaye mtoto wetu wa mwisho alijifunzia kutembea, akimshika mgongoni. Wakaaji wote wa avenue walimsifu. Mangaribi moja, nyuma ya siku nyingi bila kitu, mbwa alipata mfupa. Mtoto akaenda kuuvuta. Mbwa akanguruma kwa nguvu, akaonyesha meno. Mama ya mtoto akapiga kelele, majirani wakaingia na miti: « Ile imbwa imekwisha kuharibika, muiue! » Na sisi wenyewe, tusifiche, tulikuwa tumekwisha kushika fimbo. Nkambo alikuwa ameketi kwenye mkeka wake. Akauliza:

— Ilimuluma?

— Hapana, nkambo.

— Basi ilisema. Munataka kupiga mwenye kusema? Kesho haitasema tena, italuma tu.

Tuliweka fimbo chini, na usiku ule hatukulala vizuri. Tuliona haya. Miaka mingi tulikuwa tunausifu uvumilivu wa mbwa yule ili tusiulize anavumilia nini. Siku aliposema « hapa basi », tukamwita msaliti. Wangapi kati yetu wanafanya vile kwa mfanyakazi wa nyumbani, ao kwa mwanafunzi mtulivu wa nyuma ya darasa?

Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba mtu mwenye kuzoea ukali juu ya wanyama anakuwa mgumu pia kwa watu. Ni kweli, na wazazi walikumbuke. Lakini kwake yeye, wajibu ule unatazama binadamu kwanza. Sheria ya wazee wetu inakwenda mbele kidogo: fungu ni la mbwa mwenyewe, juu ya kazi aliyoifanya.

Mtu atatujibu: « Mwalimu, mtoto ni mtoto, imbwa ni nyama. Na raje je? » Ana haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua karibu watu 59.000 kila mwaka, zaidi katika Afrika na Asia. Kati ya wale wanaolumwa na mbwa wenye kushukiwa ugonjwa, karibu 40 kwa 100 ni watoto wasiofika miaka 15. Alama za ugonjwa zikitokea, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo iko tangu mwaka 1885, wakati Pasteur alipomtibu kijana Joseph Meister wa miaka 9. Mbwa akiluma mtoto, kidonda kioshwe na maji na sabuni dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Asingoje kesho, asipelekwe kwanza kwa dawa za majani.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: anayempenda mtoto wake ampe mbwa haki yake. Chanjo ya kila mwaka njo fungu la nyama la siku hizi. Maji safi, kamba isiyo fupi, mahali pa kula bila kusumbuliwa, hayo pia ni mafungu. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule mpole kuliko wote, kwani upole una mpaka, kwa mbwa na kwa mtu.

Nyumbani kwetu, tangu siku ile, mbwa alikuwa anakula nyuma ya nyumba. Mtoto aliweka nusu ya tonge lake ndani ya sahani, akarudi hatua tatu, akangoja. Mbwa alipomaliza, alikuja mwenyewe kulala karibu na miguu yake. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Siku ile, aliyekunjwa alikuwa baba ya mtoto.