TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Funda la maji na samaki wa futari



Ndugu zangu, leo tuanze na udhu. Umefunga, jua la Tanga unalijua, koo limekauka. Unachukua kopo, unasukutua kwa ajili ya alasiri. Maji yako mdomoni, baridi. Uko peke yako. Ukimeza funda moja nani atajua? Nani ataumia? Hakuna. Lakini unatema. Hata mtoto anayejifunza kufunga anatema.

Sasa twende jioni. Unapita sokoni kutafuta kitoweo. Kuna changu wa bei rahisi. Unamshika: nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika, tumboni damu imevilia. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuambiwa. Huyo ni samaki wa baruti. Unafanyaje?

Wengi wetu tumekua na milio hiyo. Kijijini kwetu, baruti ikilia asubuhi, sisi watoto tulikimbilia ufukweni na mabeseni. Hakuna aliyeuliza nani kapiga. Akija mgeni kuuliza, kijiji kizima hakijasikia kitu! Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti, na mwaka 2009 pwani yetu ikapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Milio ikaendelea miaka kadhaa baada ya hapo. Si kwamba hatukujua. Mpigaji alikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na jirani aliyenyamaza.

Siku hizi imepungua sana, alhamdulillah. Lakini swali bado lipo, maana kesho litakuja kwa sura nyingine: kokoro linalozoa hadi vifaranga vya samaki, boriti za mikoko zilizokatwa usiku, simu ya bei ya kutupa isiyo na risiti.

Utasema, "Samaki keshakufa. Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Sawa, huenda ni kweli. Lakini ile hoja ya "hakitabadilika kitu" ingetosha kabisa kukuruhusu kumeza lile funda la maji, na hukuikubali. Kwa nini uikubali sokoni?

Tena tazama tofauti. Funda lile halimdhuru mtu, nasi tunalitema. Samaki huyu kuna aliyedhurika, nasi tunammeza. Baruti haichagui. Inaua mkubwa na mdogo, wengine wanazama wasiokotwe, na matumbawe wanamojificha na kukulia samaki yanabaki vifusi. Yupo mzee wa mshipi aliyetoka na ngalawa yake alfajiri, akarudi na visamaki viwili. Hakuiba kitu, lakini yeye ndiye aliyelipia bei rahisi ya changu wako.

Katika Suratul Rum, aya ya 41, bahari imetajwa pamoja na nchi kavu, na kuharibika kwake kumehusishwa na matendo yetu wenyewe. Na masheikh wetu wametufundisha kuna haki ya Mwenyezi Mungu na kuna haki za waja. Ukimeza maji makusudi, unatubu na siku unailipa. Haki ya yule mzee wa mshipi utailipaje? Utamjua hata kwa jina umwombe radhi?

Simnyooshei kidole mama mwenye elfu mbili na watoto watano. Hali yake anaijua Mola wake. Nasema na mimi mwenyewe kwanza, kisha na wewe, sisi tunaoweza kuongeza kidogo tukanunua wa mshipi, au tukafuturu kwa kunde za nazi na maisha yakaendelea.

Saumu inatufundisha kuacha kitu cha halali mchana, pasipo kuonwa na mtu, ili tuweze kuacha kisicho halali mwaka mzima. Kama inaishia kwenye koo tu, basi tumeshinda na kiu.

Amali ya leo: kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji swali moja tu, "Huyu kapatikanaje?" Kama hataki kujibu, hilo nalo ni jibu.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kizuri, tusamehe tuliyoyasikia tukanyamaza, na utupokelee funga zetu. Amin.

Mtumie na mwenzako kabla ya magharibi. Futari njema.