Hati na Mwenyewe

Hati ni shahidi. Wajibu wa shahidi ni kueleza ayajuayo juu ya mtu. Hana uwezo wa kumwumba mtu wala wa kumfuta. Lakini katika ulimwengu wa safari nyingi shahidi huyu amekaribia kuwa bwana, na asiye na hati huhesabiwa kama kivuli kisicho na mwili.

Kenya ilionja uchungu wa jambo hili mapema. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Mwajiri aliponyima sahihi yake, mfanyakazi hakuweza kuondoka kwa halali. Kipande kilimjua mtu ili kimzuie.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hii ni heri: hati iliyokuwa pingu imekuwa ufunguo. Walakini ufunguo haumfai aliyenyimwa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walizaa na kuzika Kenya miaka mingi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na serikali ikakubali. Walipopewa vitambulisho damu yao haikugeuka. Kilichogeuka ni jicho la serikali.

Huenda ikasemwa kwamba serikali haina budi kuwajua raia wake, kwani wadanganyifu ni wengi. Ni kweli, mlango usio na bawabu hukaribisha mwizi. Lakini bawabu amfukuzaye mwana wa nyumba hana sifa kuliko yule amwingizaye mwizi.

Basi wabunifu wa hati mpya wasijipime kwa wepesi wa chombo tu, maana wepesi huo humfaa aliye ndani. Kipimo cha haki ni yule aliye nje: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, na mzee ambaye alama za vidole vyake zimefutwa na mpini wa jembe. Hati njema humfuata mtu alipo. Hati mbaya humtaka mtu aifuate maisha yake yote.