Mizani ya Ndege Ndogo

Wapo watu, na si wachache duniani, ambao starehe yao ni kuunda ndege ndogo za mfano: mbawa za shubiri moja, rafadha isiyozungushwa na chochote ila upepo, magurudumu kama punje za mtama. Kazi hii haianzi na gundi wala rangi. Huanza na vitabu. Muunda mifano hukusanya vitabu vya marejeo vya usafiri wa anga kama mpenda ushairi akusanyavyo diwani. Huanza na orodha kubwa ya ndege za ulimwengu iliyoasisiwa na Fred T. Jane nchini Uingereza mwaka 1909, akaongeza vijitabu vya michoro ya rangi, kisha majuzuu yanayoshughulikia aina moja tu ya ndege, yakionyesha mlango unavyofunguka na ribiti zilivyopangwa. Aghalabu rafu hujaa kabla ya ndege ya kwanza kukamilika.

Ndani ya starehe hii limefichika swali la maadili: aundaye mfano wa kitu ana deni gani kwa kitu chenyewe, na je, deni hilo hulipika lote kwa kipimo?

Yuko atakayesema kwamba hapana deni lolote, kwani mchezo ni mchezo. Wahenga nao walionya kwamba mwiga tembo hupasuka msamba, na huenda msomaji akadhani kuwa onyo hilo lamhusu muunda ndege. Halimhusu. Anayeonywa katika methali ni yule ajikuzaye ili alingane na kilicho kikubwa kuliko yeye. Muunda mfano hubaki na kimo chake, akakipunguza kitu mpaka kikaingia kiganjani. Hatari yake ni nyingine. Kitu kikishaingia kiganjani, mwenye kiganja huanza kudhani kwamba amekijua chote.

Plato, katika sehemu ya kumi ya kitabu chake Jamhuri, alimlaumu mchoraji wa kitanda kwa kuwa kazi yake iko daraja ya tatu kutoka kwenye ukweli: kwanza asili ya kitanda, kisha kitanda cha seremala, kisha picha. Muunda ndege ndogo angewekwa mbali zaidi, kwa maana mara nyingi hakuwahi kuiona ndege anayoiunda. Ameona picha yake kitabuni. Lakini hukumu hiyo ni kali mno. Mchoraji wa Plato alihitaji upande mmoja tu wa kitanda, ilhali muunda mifano hulazimika kulijua hata tumbo la ndege, na ule upande ambao mpiga picha hakusimama. Ndiyo sababu kitabu kimoja hakimtoshi. Kila kitabu kipya ni shahidi wa ziada anayeitwa mbele ya kadhi, na anayetafuta mashahidi wengi hawezi kuambiwa kwamba ameudharau ukweli.

Upo mfano mmoja unaoihusu Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1957 Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani kwa ndege ya injini moja, aina ya Dornier Do 27, wakaja Tanganyika kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Kituo chao kilikuwa Banagi, mahali ambapo leo pamo katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ndege yao ilipakwa mistari myeusi na myeupe kama punda milia, na herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE; neno Ente kwa Kijerumani maana yake ni bata. Ni vigumu kupata ndege iliyo rahisi kuitambua kuliko hiyo. Vitabu huipa mita 12 tangu ncha ya ubawa mmoja hadi ncha ya ubawa wa pili. Kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, hizo ni kama sentimita 17. Mistari ndiyo mtihani. Fundi mwaminifu hutafuta picha za kila upande ili asiubuni hata mmoja.

Wapenzi wa ushairi wanaijua taabu hii. Shairi laweza kuwa na mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikaitikiana bila kosa, nalo likawa tupu kama debe. Wala hapana asemaye kwa sababu hiyo kwamba vina na mizani ni upuuzi. Asiyejali mizani amelidharau sikio la msikilizaji. Kipimo ni adabu ya kwanza. Kosa ni kuifanya adabu ya kwanza kuwa ndiyo ya mwisho.

Basi vitabu vinavyohesabu ribiti vyanyamazia nini? Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa miaka 24, alikuwa peke yake angani pale ndege yake ilipogongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akalazwa kando yake. Kiswahili huviita vyote viwili vilivyogongana siku ile kwa jina moja. Ngeli pekee ndiyo huvitenga, ndege ikaanguka na ndege akaanguka. Kitabu cha marejeo kina ile ya kwanza tu. Yule wa pili hana vipimo wala herufi za usajili, ingawa anga lile lilikuwa lake kabla ya injini kuvuma.

Na chini ya mbawa zile walikuwapo watu. Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakurya walikuwa wakiwinda, wakilima na kuchunga pembezoni mwa mbuga ile, na Wamasai ndani yake. Baba na mwana waliamini kwamba hifadhi ya taifa haipasi kukaliwa na binadamu yeyote, hata aliyezaliwa hapo, na mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda upande wa Ngorongoro. Filamu ya safari yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mapenzi ya dunia kwa Serengeti yalikua. Wanyama walipata wakili hodari. Mwindaji wa Kiikoma hakupata rubani wa kumsemea.

Hata hesabu yenyewe ina funzo. Kutoka angani walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, wakiwamo nyumbu wasiotimia laki moja. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuta nyumbu zaidi ya laki mbili, na leo wamepita milioni moja. Sehemu ya tofauti hiyo ni wanyama waliozaliwa baada ya sotoka kudhibitiwa. Sehemu ni wale waliopitwa na macho ya waliokuwa juu. Hawakudanganya. Waliandika kwa uaminifu walichokiona, nacho hakikuwa chote kilichokuwapo. Ndiyo hali ya kila kitabu cha marejeo, na ya kila mfano uliotoka kitabuni.

Mkusanyaji vitabu atajitetea kwamba ndege ya sentimita 17 haiwezi kubeba mizigo hii yote, na kwamba amefanya wema kuhifadhi umbo tu. Utetezi huo una nguvu, na watu wa pwani ndio wa kwanza kuukubali. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Ulipojengwa upya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili uwekwe Beit el-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mitepe midogo ya mfano na maandishi ya waliowahi kuuona ndiyo yaliyobaki kuwaongoza wajenzi. Laiti mafundi wa mitepe ile midogo wangalisema kwamba mchezo ni mchezo, umbo lingalipotea. Kumbe kipimo cha haki ni amana kwa watu ambao hawajazaliwa.

Lakini mtepe huo huo wautaja mpaka wa amana. Mfano hauwezi kusema kamba ikazwe kwa nguvu gani, wala chombo kililia vipi kikipigwa na wimbi la kusi. Hayo hukaa mikononi na masikioni mwa watu.

Watoto wa Mara wanayajua kwa njia yao. Ndege ndogo za watalii hutua Kogatende, karibu na Mto Mara, na pia upande wa Ikoma. Sauti yake husikika mbali kabla ya umbo kuonekana. Mtoto wa kijiji cha Tarime au cha Mugumu huchukua mabua ya mtama, miiba na vipande vya bati, akaunda ndege yake bila kitabu chochote. Mbawa zake huwa nene mno na mkia mfupi. Bingwa wa vipimo angeikataa mara moja. Hata hivyo mtoto hukimbia nayo akivumisha midomo, na uvumi ule ndio uleule uliopita juu ya mifugo ya baba yake asubuhi. Ameshika lile ambalo kitabu hakina: jinsi ndege inavyosikika kwa aliyeachwa chini. Wala asisifiwe kupita kiasi, kwani naye hajui rubani aona nini. Kila mmoja wao ana nusu ya ushahidi.

Jawabu la swali, basi, halimtaki muunda mifano achome vitabu vyake wala apake mistari kwa kubahatisha. Lamtaka aipanue rafu. Kando ya juzuu la vipimo na liwepo la tumbusi na maruko yake, na jingine la historia ya watu wa Ikoma na Ngoreme. Na ikiwa hilo la mwisho halijaandikwa, pengo lake rafuni liachwe wazi, lisizibwe kwa juzuu jingine la ribiti. Mistari ya D-ENTE itabaki ileile, na sentimita zake zilezile. Kitakachobadilika ni mkono wa fundi afikapo kwenye ubawa: utakuwa mzito kidogo, kama mkono wa mtu anayeandika jina la marehemu na anaogopa kulikosea.