Samahani ya Nani?

Dada yangu alianza kuomba msamaha kabla ndege haijapaa. Alikuwa amempakata mtoto wa miezi saba. Mimi nimekaa dirishani, begi la nepi kati ya miguu, na kwenye kiti cha kando ya njia kuna mzee wa koti la kijivu ambaye ndio tu amefunga mkanda. "Aki samahani," dada akamwambia. "Niko na mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala. Hakuwa amefanya lolote. Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa vidude vyake vya muziki masikioni.

Tulikuwa tunatoka Nairobi kwenda Mombasa. Shemeji alipata kazi huko wakati mtoto ana wiki tatu, na tangu hapo alikuwa akimwona kwa simu tu. Ndiye aliyetukatia tiketi. Mimi nilitumwa kubeba mizigo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na siku hizi naandika nikipata wa kunilipa. Kwa watu wa nyumbani, hiyo inamaanisha niko huru kila siku.

Safari ilienda poa mpaka ndege ilipoanza kushuka. Hapo mtoto akaamka, akalia kile kilio kisichosikiliza mtu. Dada akaomba msamaha kwa mzee. Akageuka, akaomba kwa waliokuwa nyuma. Mhudumu alipopita, akamwomba na yeye pia. Nilihesabu samahani tisa. Baada ya ile ya tisa, sauti ya kike ikasema kutoka viti vya nyuma, kwa sauti ya kutosha kusikika: "Kwani hawakuona basi?"

Dada akanyamaza. Akaangalia chini, akambana mtoto kifuani kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

Sasa nikurudishe nyuma masaa machache. Asubuhi hiyo tulipanda matatu Nakuru. Mtoto alikuwa mzima mpaka tulipopita Naivasha na barabara ikaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kama umesafiri njia hiyo unajua vile masikio huziba ukikaribia Soko Mjinga. Unameza mate, yanafunguka, maisha yanaendelea. Mtoto hajui hiyo mbinu. Akalia. Shosho mmoja kiti cha nyuma akanyoosha mikono: "Hebu nipe huyo." Mtoto akapita mapaja matatu, moja likiwa la kijana mwenye dredi ambaye hakuonekana kama mtu wa kushika watoto, na tulipofika Limuru alikuwa amelala. Dada hakuomba msamaha hata mara moja. Alisema asante, basi.

Mtoto ni yule yule, masikio ni yale yale, siku ni moja. Ni nini kilichogeuza kilio kikawa kosa?

Kwanza tuelewe alilia kwa nini. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa, lakini si mpaka ifanane na ile ya pwani. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Nakuru iko kama mita 1,850. Kwa hiyo huko angani mtoto wetu alikuwa, kwa hesabu ya mapafu na masikio, karibu na nyumbani. Shida ni kushuka. Mombasa iko baharini, na hewa ya huko ni nzito kuliko yoyote aliyowahi kuivuta. Kuna mrija mdogo unaounganisha sikio na koo, na ndio husawazisha uzito huo. Wa mtoto ni mwembamba na huziba upesi. Kunyonya husaidia, kwa sababu kumeza huufungua. Dada alijaribu. Mtoto alikataa titi.

Yaani alikuwa na maumivu, na hakuwa na namna nyingine ya kusema. Kitu kimoja nilichotoka nacho kwenye somo la falsafa kabla sijaacha chuo ni hoja ya Kant, kwamba mtu hawezi kudaiwa asichokiweza. Mtoto wa miezi saba hawezi kunyamaza kwa hiari. Basi hana kosa.

Utaniambia: sawa, mtoto hana kosa, lakini mama yake alichagua kumleta. Hoja hiyo ina uzito, sitaikwepa. Mzee wa koti la kijivu pengine alikuwa anaenda mazishi, au hakuwa amelala siku mbili. Kichwa chake pia ni kichwa. Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi. Ikiwa kumleta mtoto mahali penye watu ni kosa, basi mama ana kosa kila anapotoka nyumbani, na njia pekee ya kuwa na adabu ni kujifungia mpaka mtoto ajue kunong'ona. Na baba amwone mwanawe kwenye skrini.

Nadhani wengi tunaamini, bila kusema, kwamba tiketi ya ndege imenunua kimya. Haijanunua. Imenunua kiti, na ahadi ya kufikishwa. Hata saa ya kuondoka haikuhakikishii, waulize waliowahi kulala uwanjani. Mtoto naye hakujipenyeza. Mashirika ya ndege yana utaratibu wa mtoto wa chini ya miaka 2 kusafiri mapajani, na jina lake liko kwenye orodha kama la mzee. Kilichobadilika kati ya matatu na ndege ni kwamba ukishalipa pesa nyingi, jirani anaanza kuonekana kama hitilafu kwenye bidhaa uliyonunua.

Lakini pia sitaki kusema kilio si kitu. Ni mzigo. Kiliniumiza kichwa hata mimi mjomba wake. Hapa ndipo Kiswahili kinanisaidia, kwa sababu kina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja. Kuna samahani, na kuna pole. Samahani ni nisamehe: nimekukosea, nina deni kwako. Pole imetoka nyumba moja na mpole na upole. Haisemi nani amekosa. Inasema tu kwamba naona umelemewa. Ndiyo maana mtu akikupa pole unaweza kumjibu asante.

Sisi wa bara tumezichanganya, tukimkanyaga mtu tunasema pole badala ya samahani, na watu wa pwani wanatucheka. Lakini tofauti yenyewe ni ya maana. Dada alikuwa anatoa samahani mahali palipohitaji pole, na tena pole ya pande zote mbili: yake kwa mzee aliyepigiwa kelele, na ya mzee kwa mama mwenye mtoto anayeumia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwamba ukiwa mgongoni kwa mwingine unauona mwepesi kama pamba ya mito. Kwenye matatu watu waliupima ule mzigo kwa mikono yao. Kwenye ndege waliupima kwa masikio tu, ndiyo maana walijua kelele yake bila kujua uzito wake.

Na mimi je? Nilitaka kumgeukia yule wa basi nimjibu. Sikumjibu, kwa sababu sauti yake niliijua. Nimewahi kuguna hivyo hivyo kanisani na benki, na sikuwahi kunyoosha mikono. Hata siku hiyo, mtoto wa dada yangu akilia, nilikuwa naangalia bahari dirishani nikijifanya abiria mwingine.

Kuna jambo lingine lilinirudia pale. Nilipoacha chuo, mama alizunguka kwa wote waliochanga karo yangu akisema samahani, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa najiambia kwamba yeye pia anaomba msamaha usio na kosa, kama dada. Lakini hapo hoja yangu inanigeuka. Mimi si mtoto wa miezi saba. Nilichagua, tena bila kumwambia mtu mpaka muhula ulipoisha. Samahani ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikaa nyumbani akamwacha mama aende.

Ndege ilipotua, kilio kikaisha kama mfereji uliofungwa. Mzee akatoa vidude vyake, akashusha begi la dada kutoka juu, akamwambia, "Pole, mama." Dada akaanza, "Aki sama..." kisha akasema, "Asante, mzee."

Jioni hiyo, shemeji akiwa amembeba mwanawe huku akilowa mate begani na hataki kumwachilia, nilitoka nje nikampigia mjomba wa Njoro. Aliuza mtamba kwa ajili ya karo yangu, na tulikuwa hatujaongea mwaka mzima. Nikamwambia samahani, nikaeleza kwa nini. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nimesikia," akasema. "Na mtoto alifika salama?"