Mlaji, Mpishi na Jina la Chakula

Kula ni haja ya kila mwili, lakini kula nje ya nyumba ni jambo la watu wawili. Aliye kwake hula alichopikiwa na mtu anayemjua. Aliye mkahawani hula kazi ya mkono asiouona. Kati yake na mpishi pana ukuta, pana karatasi yenye majina ya vyakula, na mwishowe pana fedha. Fedha ikisha kutolewa, je, wawili hawa wameachana bila ya deni? Wengi hujibu upesi kuwa wameachana, na biashara haina jibu lingine. Walakini upo mkahawa wa siku hizi, uitwao mkahawa wa Asia nzima, ambao hufanya jibu hilo kuwa gumu kulikubali.

Yafaa kutazama mfano mmoja. Mwaka 1992 Alan Yau, mzaliwa wa Hong Kong, alifungua katika mtaa wa Bloomsbury, London, mkahawa aliouita Wagamama, neno la Kijapani lenye maana ya ukaidi wa mtu atakaye mambo yawe kama apendavyo yeye. Meza zilikuwa ndefu, viti vilikuwa mabenchi, na watu wasiojuana walikaa bega kwa bega wakila mabakuli ya tambi kwa desturi ya maduka ya tambi ya Japani. Mikahawa ya kuchanganya Asia sasa imejaa katika miji mingi ya dunia. Katika orodha moja mlaji hukuta tambi za Thailand, samaki mbichi wa Japani, maandazi ya mvuke ya Kichina, mchuzi wa nazi wa Malaysia na supu ya Vietnam. Safari ambayo ingemchukua msafiri miezi, kidole cha mlaji huimaliza kwa kushuka karatasi shubiri moja.

Karibu na mkahawa ule wa kwanza ipo nyumba kubwa ya makumbusho ya Uingereza, ambamo vyungu na sanamu za mataifa mengi zimekaa chini ya paa moja, kila kitu na kikaratasi chake. Makumbusho na mkahawa hufanana katika jambo hili. Tofauti ni kuwa aliyefinyanga chungu alikufa zamani, na aliyepika tambi yu hai nyuma ya ukuta.

Mashtaka ya kwanza dhidi ya mkahawa wa namna hii ni ya wapenda asili. Wao husema kila chakula kina kwao, na kukichanganya na vingine ni kusema uongo kwa kijiko. Maneno haya hupendeza masikioni, lakini historia haiyaungi mkono. Wajapani walijifunza kukaanga kwa namna ya tempura kutoka kwa Wareno waliofika kwao katika karne ya 16. Tambi za ramen zilitoka kwa Wachina. Pilipili, ambayo bila yake mpishi wa Sichuan au wa Bangkok hujiona amekatwa mkono, haikuwako Asia kabla ya mabaharia kuivusha kutoka bara la Amerika. Hata pad thai, chakula kibebacho jina la taifa, kilipata cheo chake kwa hima ya serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyetaka kuwapa raia wake fahari ya utaifa, ilhali tambi zenyewe zilikuja na Wachina. Mwambao wa Afrika ya Mashariki hauhitaji kufundishwa somo hili. Pilau na biriani ni majina yaliyovuka bahari, na sambusa na chapati hali kadhalika. Hata hivyo katika arusi za Mombasa na Unguja hakuna aliyepata kusimama mbele ya sufuria akauliza kama mpishi ni Mwajemi.

Basi mchanganyiko si dhambi. Lakini hapa huzuka kosa la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza kwa kuwa hujificha katika ukarimu. Mlaji husema: maadamu vyote vimechanganyika, vyote ni vya wote, na mimi nimelipa. Husahau kuwa vyakula havikujichanganya vyenyewe. Watu walihama, wakafukuzwa, wakapungukiwa, wakapika kwa walichokikuta.

Peng Chang-kuei alikuwa mpishi wa Hunan aliyehamia Taiwan mwaka 1949 pamoja na serikali iliyoshindwa vita. Huko, katika miaka ya 1950, alitunga chakula cha kuku akakipa jina la jemadari wa Hunan, Zuo Zongtang, aliyefariki mwaka 1885 na ambaye kwa hiyo hakupata kukionja. Kuku huyo alifika New York katika miaka ya 1970, wapishi wengine wakamtia sukari kwa kuzifuata ndimi za Wamarekani, akaenea nchi nzima. Peng alifariki mwaka 2016. Mamilioni ya watu wamelitamka jina la jemadari wakiwa na njaa. Wachache mno wamelitamka jina la mpishi.

Katika nchi hiyo hiyo, sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, lakini wafanya biashara waliachwa waingie. Mwaka 1915 mahakama ilikubali kuwa mwenye mkahawa aweza kuhesabiwa miongoni mwa wafanya biashara, na mikahawa ya Kichina ikaongezeka kwa wingi. Mlaji wa New York aliyedhani kuwa Wachina wameumbwa na mapenzi ya kuwapikia wageni alikuwa akila matunda ya sheria asiyoijua. Kupika kulikuwa mmoja wa milango michache iliyoachwa wazi.

Jina la Asia nzima hufanya kazi kama ile ya jina la jemadari. Ni jina kubwa mno. Asia ina zaidi ya nusu ya wanadamu wote, na jina liwabebalo watu wengi kiasi hicho halimtambulishi hata mmoja. Nyuma ya ukuta aweza kuwako Mnepali, Mfilipino, Mpolandi, au kijana wa Mombasa achotaye tambi za Kijapani ili apate karo ya chuo. Mlaji akisikia hayo, aghalabu hujiona ameibiwa. Humwita mtumishi na kumwuliza kama mpishi ni Mjapani wa kweli, kisha humtazama mtumishi mwenyewe usoni na kumwuliza ametoka wapi hasa. Swali lake lina sura ya heshima kwa asili, walakini humtaka mtu aliye hai awe kikaratasi cha makumbusho. Kama orodha iliahidi supu ya tambi, na supu imekuja ya moto na ya ladha, ahadi imetimizwa. Utaifa wa mpishi haukuuzwa.

Isipokuwa pale ulipouzwa kweli. Ziko nyumba ambamo mtumishi huvishwa hariri ya taifa asilolijua, akaamriwa kuinama na kutamka salamu za lugha asiyoisema, kwa kuwa uso wake wafanana kiasi cha kutosha machoni pa mgeni. Hapo uongo upo, na anayedhulumiwa kwanza si mlaji. Mlaji hupata alichokitaka, yaani kuona nchi ngeni bila ya kukutana na mtu wake. Mtumishi hurudi kwake usiku akiwa ameigiza watu wengine kwa ujira ule ule wa kubeba sahani.

Wako watakaosema kuwa mtu aliyechoka na kazi ana haki ya kula bila ya kufikiri. Anayo. Hakuna sheria ya kumlazimisha mwenye njaa kuhoji nasaba ya bakuli. Lakini wale walao sinia moja hujua kuwa mkono wa jirani una haki katika wali, na haki hiyo haiandikwi popote. Benchi refu huwaweka watu karibu kama sinia lilivyowaweka, kisha huwaacha bila ya kudaiana kitu.

Chukua mfano wa mlaji aliyesahau mwavuli wake katika mkahawa wa namna hii, akarudi kuuchukua milango ikikaribia kufungwa. Awakuta wapishi na watumishi wameketi kwenye meza ile ile ndefu aliyokalia yeye, wakila wali na mboga na samaki wa kukaanga, chakula kisichokuwamo katika orodha hata kwa jina. Mmoja wao asogea kidogo na kumwonyesha nafasi kwenye benchi. Yeye asimama, mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili umekwisha kuingia mfukoni kutafuta fedha.